Tangazo Nililolikata Kitabuni

Wanangu, kabla simu hazijabeba kila kitu, magazeti ya nje yalikuwa yakija Maskati kwa maboksi, na kabla hayajafika dukani yalipita mikononi mwangu. Kazi yangu ilikuwa kuwavisha wanawake wa kwenye matangazo. Mwanamke wa sabuni mabega yako wazi, nnampa mikono ya kanzu. Mwanamke wa manukato kifua kiko nje, nnampandishia shingo. Nimevisha watu wengi kuliko fundi yeyote wa mtaa wetu wa Darsait, na kushona sijui.

Aliyeniomba niandike haya ni mwalimu wa chuo, Daktari Zuhura, anataka wanafunzi wake wasome. Nilimwambia skuli yangu iliishia darasa la saba huko Unguja, na tangu hapo nilichoandika ni daftari langu la siku tu, mistari mitatu minne. Akasema niandike kama nnavyozungumza. Basi mkiona nimekwenda mbele nikarudi nyuma, nisameheni. Na nikimtaja mtu, nimejaribu kumpima kwa haki, ingawa mizani yangu siiamini sana.

Kampuni yetu ilikuwa ya mtu binafsi, ikisambaza magazeti na vitabu. Meza ya wino, tulipokuwa tukizifunika picha kwa kalamu, ilikuwa nyuma ya ghala, na tulikaa wawili, mimi na Bi Shamsa. Meneja alikuwa Bwana Kurian, Mhindi wa Kerala, mtu wa kanuni. Wengine walimwita mkali. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu kila sheria aliibandika ukutani kwa lugha tatu, na hakupata kumgombeza mtu kwa sheria ambayo haikubandikwa. Ya nguo ilisema: mabega, kifua, mapaja, funika. Ya ulevi ilisema: usifunike, kata. Alitueleza kwamba chupa ukiipaka wino mweusi kila mtu atajua pale pana chupa, na ataitazama mara mbili. Hapo alisema kweli.

Bi Shamsa ndiye aliyenifundisha. Unguja alikuwa mshonaji, tena wa maharusi, na ilionekana. Mimi wiki ya kwanza nilichukua kalamu nene, nikampiga mwanamke mmoja kisanduku cheusi kutoka shingoni mpaka magotini. Bi Shamsa akainamia meza.

"Huyu umemfanya nini?"

"Nimemsitiri."

"Umemzika. Mvishe, mwanangu, usimzike. Tazama bega limekwendaje, mkono ufuate bega. Hapa kiunoni nguo hukunjika. Hivi. Umeona? Sasa anaweza kwenda harusini."

Na kweli, wanawake wa Bi Shamsa walikuwa wanapendeza kuliko walivyotoka kwao. Alikuwa akiwatilia na vifungo. Siku moja mteja mmoja alikuja kutuuliza ile nguo ya buluu ya kwenye tangazo la saa inauzwa wapi. Haikuwa ikiuzwa popote, ilitoka kwenye kalamu ya Bi Shamsa.

Ntawapeni na ufundi wenyewe, maana hakuna tena wa kuurithi. Karatasi ya kung'ara haipendi wino. Ukipaka kwa haraka wino unateleza, ukigusa kwa kiganja mkono wako mweusi na bibi wa watu kaota masharubu. Ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu chenye poda ya mtoto kidogo, ndipo upake, kutoka juu kwenda chini. Na weka karatasi nzito chini yake, wino usije ukatokea upande wa pili. Mimi niliisahau siku moja, na kanzu ya mwanamke wa losheni ikatokea nyuma, juu ya uso wa waziri wa nchi moja ya Ulaya. Boksi zima. Bwana Kurian aliyatazama yale magazeti kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili alichookota kwetu, "Huyu waziri, sasa bora." Lakini alituamuru tuyatoe yasiuzwe, na alikuwa na haki.

Siku nyingine, nimechoka, macho yanawaka, nilimvisha kuku. Ilikuwa tangazo la supamaketi, kuku wa kuoka, kalala chali, mapaja yanang'ara kwa mafuta. Mkono wangu ulishazoea kwenda wenyewe. Nilipotanabahi, kuku kavaa suruali. Bi Shamsa alicheka mpaka akatoka nje kutafuta hewa, na tangu siku hiyo kila tukila kuku akiniuliza, "Huyu ana ruhusa?"

Na katika kutazama matangazo kila siku tulijifunza kutazama. Bi Shamsa alikuwa na mtihani wake. Akifungua ukurasa, tuseme wa tangazo la friji, anauliza, "Jicho lako limekwenda wapi kwanza?" Nnamjibu usoni kwa yule mwanamke. "Basi hapo ndipo wanapokuuzia. Friji liko nyuma huko, dogo, wala halina haraka. Kwanza wanakuuzia ile raha yake, friji litakuja lenyewe." Sijui kama hayo yameandikwa kwenye vitabu. Bi Shamsa hakusoma vitabu. Mimi nilikuwa nnasoma kidogo Kiingereza, kwa herufi kubwa, majina ya bidhaa na bei, na maneno yanayojirudia.

Kukata ni kazi nyingine. Wembe mpya, rula ya chuma, na moyo uliotulia. Gazeti lililobanwa kwa pini katikati, ukitoa karatasi moja bila kuacha ukingo, mwenzake wa upande wa pili anaanguka, kwa hivyo acha upana wa kidole cha mwisho. Kitabu kilichogandishwa mgongo kwa gundi hakina taabu hiyo. Kifungue vizuri, laza rula ndani kabisa, vuta wembe mara moja tu. Ukirudia unaacha meno. Kata yangu haikuwa na meno. Unaweza kupitisha kidole usijue kuwa palikuwa na kitu. Nnajisifu, najua, na kujisifu huku ndiko kulikonitia mashakani.

Siku yenyewe Bi Shamsa alikuwa Nizwa, harusini. Vikaja vitabu arubaini vya chuo kimoja, hadithi ya Kimarekani. Vitabu havikuwa vikija mezani kwetu isipokuwa jalada likiwa na picha, na hiki kilikuwa nayo: mwanamke mzee ameketi jikoni mbele ya friji, kavaa aproni, mikono mapajani. Hana dosari. Ningekifunga nikaendelea na mengine. Lakini nikafungua ndani kuhakikisha, na ndani nikaona vituko. Ukurasa mmoja una orodha ya vitu vya kununua tu: mayai, sabuni, dawa ya mende. Mwengine ni risiti ya duka. Mwengine mweupe mtupu. Nikasema hawa wachapaji wamechanganya mambo. Nilipofika ukurasa wa mia na kumi na tatu nikakuta tangazo la wiski, ukurasa mzima, na nyuma yake, mia na kumi na nne, maneno mengi ya kuisifu. Nikasema, ala, wamepenyeza na biashara yao humu.

Daftari langu la siku hiyo linasema hivi: "Vitabu vya chuo arubaini. Tangazo la ulevi, moja kila kimoja. Nimekata zote, safi. Mchana nimekula papa."

Lazima niandike wazi kwamba Bwana Kurian hakuniamuru. Sheria yake ilisema magazeti, haikutaja vitabu. Bi Shamsa hakuwepo, na angekuwepo pengine angeniuliza. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa na wembe mpya.

Karatasi zilizokatwa zilikuwa zikitiwa guniani zikachomwe. Nilitia thalathini na tisa. Moja nilikwenda nayo nyumbani, kwa sababu mwanamke wa kwenye lile tangazo alikuwa yuleyule wa kwenye jalada, jikoni kwake, ila humu kashika bilauri na chini yake pamewekwa chupa. Uso wake ulinipendeza. Enzi zile sote tulikuwa tukitandika makabati kwa karatasi za magazeti, kwa hivyo nikaikunja ile sehemu ya chupa kwa chini, bilauri nikaigeuza kwa kalamu ikawa kikombe cha kahawa, nikaitandika chini ya sahani. Kabati hilo tulihama nalo kutoka Darsait mpaka Mabela.

Meza ya wino ilikufa yenyewe. Kwanza zikaja stika nyeupe badala ya kalamu, Bi Shamsa akazichukia, akasema ni kama kumfunga mtu plasta. Kisha magazeti yakapungua, watu wakawa wanatazama simu. Bi Shamsa amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nilistaafu, na kwa miaka sikufikiri tena juu ya kazi ile.

Sasa niwaeleze habari za mjukuu wangu Nasra. Tunakaa naye hapa Mabela, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasoma fasihi ya Kiingereza. Mwaka huu aliandika tasnifu, na tasnifu si mchezo: unaandika kurasa thamanini, kisha unakwenda kuzitetea mbele ya walimu, na mmoja wao ni mtahini anayetoka chuo chengine. Ukianguka hupati shahada mwaka huo. Alasiri moja, tunakunywa chai, siku nane kabla ya mtihani wake, nikamwuliza hicho anachokiandika usiku na mchana ni nini.

"Bibi, utachoka."

"Nichokeshe."

"Ni hadithi ya kijana mchoraji huko Marekani. Anachora vitu vya dukani tu, makopo, maboksi ya sabuni. Lakini picha yake nzuri kuliko zote ni ya mama yake. Anaapa hii hataiuza. Hapo ni ukurasa wa mia na kumi na mbili. Halafu kitabu kinaruka, Bibi. Mia na kumi na tatu na kumi na nne hazipo! Unaingia mia na kumi na tano, mama keshanuna, na hasemi naye tena mpaka kitabu kinakwisha."

"Kwa nini?"

"Ndiyo tasnifu yangu! Mwandishi hasemi. Daktari Zuhura anasema mule ndani kila kitu kina bei, kwa hivyo mwandishi kaacha kitu kimoja ambacho msomaji hawezi kukinunua. Sababu ya mama kununa haiuzwi. Kurasa zimeachwa makusudi. Mimi nimekwenda mbele zaidi, nimeandika juu ya lile pengo lenyewe."

"Huyo mama," nikasema, "alichorwa kaketi mbele ya friji?"

"Umeiona picha ya jalada, eeh?"

Niliingia jikoni nikazitoa sahani, rundo baada ya rundo, nikaivuta ile karatasi. Imegeuka rangi ya samli, ina duara la sinia. Juu pembeni, 113.

Siku mbili nilinyamaza. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilijiambia kuna sababu za kunyamaza: mtoto keshaandika, mwalimu keshafundisha, kitabu chenyewe cha zamani, hakichapishwi tena, chuo kina zile nakala arubaini tu, nani atajua? Nilijiambia pia kwamba labda nnakosea, labda ni kitabu chengine. Nikazitia sahani, nikazitoa, nikazitia. Kilichonishinda ni yule mtahini. Nasra alinitajia kuwa alisomea Marekani. Nikamwona kafungua kitabu chake kizima mbele ya mtoto, anamwuliza, binti, pengo gani?

Siku ya tatu nikamwita jikoni, nikampa karatasi, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akaketi sakafuni.

"Bibi. Kurasa thamanini. Nimeandika kurasa thamanini juu ya tundu ulilotoboa wewe kwa wembe!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na lilikuwa safi! Nimeandika kwamba ni safi! Nimesema halina alama ya mkono wa mtu!"

Nilitaka kumwambia kwamba hapo alisema kweli, nikaona si wakati wake. Alilia, kisha akasimama, akasema, "Hakuna anayejua. Tia sahani zako."

"Na mtahini?"

"Pengine hana hicho kitabu."

"Pengine anacho."

"Pengine hana, Bibi! Wallahi siku tano zimebaki, unataka niseme nini?"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na siku mbili za kusema vivyo hivyo. Nikamwambia ntakwenda peke yangu kwa mwalimu wake, nitasema ni kosa langu, yeye asije. Asubuhi yake alikuwa ameshaketi garini ananingoja, kanuna kama huyo mama wa kitabuni.

Daktari Zuhura ni Mwomani mwenzetu, lakini watu wake walitoka Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, kimenyooka. Alinikaribisha, "Shikamoo Mama, karibu, keti hapa." Nikamwekea karatasi mezani. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yote yakapotea, nikasema tu, "Hizi ndizo kurasa zako. Nilizikata mimi."

Aliitazama picha. Akaigeuza akasoma nyuma, kidole kikifuata mistari. Akarudi mbele, akaifungua ile sehemu niliyoikunja, chupa ikatokea. Nasra alikuwa ananishika kidole kimoja cha mkono kwa nguvu.

"Alimuuza," akasema Daktari Zuhura taratibu. "Aliiuza picha ya mama yake kwa watu wa pombe. Wakamtia glasi mkononi. Ndiyo maana hasemi naye." Akaniangalia. "Na hiki kikombe cha kahawa?"

"Hicho changu."

Basi akaanza kucheka. Mabega kwanza, halafu mwili mzima, miwani akaivua. "Mama, unajua nimefundisha hicho kimya miaka mingapi?"

"Sijui."

"Bora usijue!"

Mimi sikuweza kucheka. Nikamwuliza mtoto itakuwaje. Hapo akafuta macho, akawa mwalimu. Akasema kuna njia mbili. Kuahirisha mpaka mwakani, au Nasra aandike upya sura ya mwisho na utangulizi kwa siku zilizobaki, aseme wazi kilichotokea, kwamba kitabu kilichosomwa hapa si kile kilichotoka Marekani, na aonyeshe wasomaji wa Maskati walijaza nini pale palipokatwa. "Ya pili ni ya hatari," akasema. "Mtahini anaweza kusema hii si kazi aliyopewa. Lakini nitasimama kwanza mimi, niseme kwamba nilikuwa na namba za kurasa mbele ya macho na sikuuliza. Kosa la Mama ni la siku moja. Langu ni la kila muhula."

Nilimwambia hilo si sawa, aliyekata ni mimi. Akasema, "Basi njoo useme mwenyewe."

Siku hizo nyumba ilikuwa kimya. Nasra aliandika, mimi nilipika na kubisha mlango kwa adabu. Mara mbili alitoka kuniuliza mambo: gunia lilikwenda wapi, rula ilikuwa ya urefu gani, Bi Shamsa alisema nini juu ya friji. Hilo la friji aliniomba nilirudie polepole, akaliandika.

Siku ya mtihani mtahini alikuwa nacho kitabu kizima. Kilikuwa mezani mbele yake, jalada lilelile. Nilipokiona nikafikiri, ingekuwaje kama ningenyamaza! Nasra alizungumza vizuri, kadiri ninavyoweza kujua, maana ilikuwa Kiingereza na haraka. Daktari Zuhura akasimama akasema la kwake bila kujitetea. Kisha mtahini, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiarabu.

"Ewe mama, karatasi hii ikiletwa mezani kwako leo, utaikata?"

Nilimwona Nasra. Najua jibu alilolitaka, na najua lingesikika vizuri pale chumbani. Nikasema, "Nitaikata. Sheria ya ulevi ilikuwa ukutani na mimi nilikubali kazi. Lakini nitaisoma kwanza, niwaulize wakubwa, na nitawaandikia wenye kitabu kwamba hapa pametolewa kitu. Nilimnyima mtu kujua. Hilo ndilo linaloniuma, si wembe."

Aliandika. Tukaambiwa tutoke.

Ukumbini kulikuwa na viti vitatu vya plastiki. Nasra hakuketi. Nikamwambia, "Ningesema hapana, labda ingekusaidia."

"Bibi, nyamaza." Kisha, baada ya kwenda na kurudi mara mbili, "Ungesema hapana ningejua unadanganya, na yeye angejua."

Sijui tulingoja kiasi gani, saa sikuitazama. Mlango ukafunguka, Daktari Zuhura akatoka na karatasi mkononi, na kwa uso wake sikuweza kujua lolote. Wasomi wana nyuso hizo.

"Amepita," akasema. "Ana masahihisho ya kurasa tatu."

"Tatu ni nyingi?"

"Mama, mimi walinipa arubaini."

Nasra alinikumbatia hapohapo, kichwa begani, akanikandamiza na mkoba wake wote, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akirudia, "Tatu, Bibi, tatu tu." Nikasema alhamdulillahi, nikatafuta kiti nyuma yangu kwa mkono, nikaketi. Nikamwomba anisubiri kidogo kabla hatujashuka ngazi.